Ule "udongo" wa kusafisha rangi ya gari: ulitoka wapi, na kwetu Kabambare una kazi gani?



Kuna video zinazozunguka sana kwenye simu. Mtu amelowesha kapo ya gari kwa maji ya sabuni, ameshika kipande cha kitu laini, cha bluu au cha kijivu, kinachofanana kabisa na udongo wa mfinyanzi. Anakipitisha juu ya rangi taratibu, kisha anakigeuza mbele ya kamera: upande mmoja umejaa weusi, na kapo inang'aa kama kioo. Chini ya video watu wanauliza maswali mawili. La kwanza: huo ni udongo gani? La pili ndilo linaloniogopesha: sasa udongo wetu wa mtoni, ule wa kufinyangia vyungu, hauwezi kufanya kazi hiyo hiyo?

Jibu la swali la pili ni hapana, tena hapana kabisa. Sababu imo ndani ya jibu la kwanza, na jibu la kwanza ni historia ndefu kidogo inayopita kwenye rangi, kwenye reli, Japani, Texas, na mwishoni kwenye barabara yetu nyekundu. Ninaiandika kwa sababu vijana wengi wa kwetu waliomaliza masomo bila kupata kazi wanaanzisha mahali pa kuosha pikipiki na magari. Ni kazi ya heshima na ina wateja. Lakini chukulia kijana amepewa Land Cruiser ya mfanyabiashara aioshe, akataka kumpendeza mteja kwa ile kitu ameona kwenye simu, akachukua bonge la udongo mbichi akaisugua kapo. Kurudisha rangi ile kutamla mapato ya miezi mingi.

Tuanze na rangi yenyewe. Magari ya kwanza ya Ulaya na Marekani yalipakwa rangi kama magari ya kukokotwa na farasi: kwa brashi, tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka likasubiriwa likauke. Gari moja lilichukua wiki kadhaa. Ford Model T, gari lililouzwa kuliko yote wakati ule, kuanzia 1914 hadi 1925 lilitoka kwa rangi nyeusi peke yake. Katika miaka ya 1920 kampuni ya DuPont ilileta rangi ya kupuliza iliyoitwa Duco, yenye kukauka kwa masaa badala ya siku, na hapo ndipo barabara zikaanza kuonyesha magari ya bluu, ya kijani na ya maziwa.

Rangi za zamani zilikuwa na tabia moja nzuri: zilikuwa rangi toka juu hadi chini. Jua likizichosha, zikifanya unga mweupe juu, fundi alichukua polishi yenye punje laini akasugua. Ngozi iliyochoka ilitoka, na chini yake ikakutwa rangi mpya. Uchafu wowote uliokuwa umeganda uliondoka pamoja na ngozi ile. Hakuna mtu aliyehitaji kutofautisha kuosha na kukwangua, maana kukwangua ndiko kulikuwa kuosha.

Miaka ya 1980 mambo yakabadilika. Viwanda vingi vilihamia kwenye mpango wa tabaka mbili: rangi chini, na juu yake verni isiyo na rangi, inayoachia jua lipite na kuifanya rangi ionekane iko ndani ya maji. Ni nzuri sana kwa macho. Lakini verni hiyo ina unene wa mikroni 40 hadi 50 hivi. Unywele wa mtu una kama mikroni 70. Maana yake, kile kinachoilinda rangi ya gari na mvua na jua ni chembamba kuliko unywele wako mmoja, na ukishakikwangua hakirudi. Fundi aliyezoea polishi kali ya zamani alijikuta ana tatizo jipya: uchafu ulioganda juu ya verni atautoaje bila kuila verni yenyewe?

Na ni uchafu gani huo usiotoka kwa sabuni? Hapa ndipo reli inapoingia.

Gurudumu la treni ni chuma, na linatembea juu ya chuma. Kwa miaka mingi hata breki zake zilikuwa vipande vya chuma vya kubana gurudumu. Kila treni inapopunguza mwendo, chembe ndogo za chuma zinaruka, nyingine zikiwa za moto bado. Sasa, huko Marekani magari mapya yanatoka kiwandani yakiwa yamepangwa juu ya mabehewa ya treni, yanasafiri siku na siku mpaka kwa muuzaji. Muuzaji anashusha gari jeupe kabisa, jipya, halijaguswa na mtu, na juu yake anakuta vidoti vya rangi ya chungwa kama ugonjwa wa ngozi. Si matope, wala si rangi iliyoharibika. Ni chembe za chuma zilizojipachika kwenye rangi, zikapata unyevu, zikashika kutu. Chembe ikishika kutu inavimba na kujikaza pale pale. Wamarekani waliuita uchafu huo vumbi la reli, na jina limebaki hata kwa magari ambayo hayajawahi kupanda treni, kwa sababu breki za gari lenyewe zinatoa chembe za namna hiyo hiyo.

Dawa ya zamani ya vumbi la reli ilikuwa asidi, hasa ile inayoitwa asidi ya oksaliki. Unalowesha kitambaa, unakilaza juu ya kapo, unasubiri kutu iyeyuke. Ilifanya kazi, lakini ni sumu, inaunguza mikono, na ikikaukia juu ya rangi una tatizo la pili juu ya la kwanza.

Niruhusuni nisimame kidogo kwenye hii habari ya reli, maana sisi na reli tuna hesabu ya zamani. Mwaka 1902 ilianzishwa kampuni ya Wabelgiji, ile CFL ambayo wazee wetu bado wanaitaja, ili kuunganisha sehemu za mto zinazopitika kwa meli. Kati ya Kindu na Kongolo Lualaba haupitiki, kuna maporomoko na kuna ile Milango ya Jehanamu karibu na Kongolo. Kwa hiyo wakajenga reli ya kilometa kama 355, ikamalizika mwaka 1911. Mwaka 1915 reli nyingine ikatoka Kabalo ikafika Albertville, Kalemie ya leo. Tazameni ramani: reli ya Kindu hadi Kongolo inapita magharibi ya mto. Kasongo iko mashariki. Kabambare iko mashariki zaidi.

Na hii si sehemu iliyokuwa porini wakati ule. Livingstone alifika hapa mwaka 1869, akapaandika Bambarre, na baadaye akalala hapa miezi mingi na vidonda vya miguu. Stanley alipita mwaka 1876 akielekea Nyangwe. Njia kubwa ya misafara kutoka Ujiji ilivuka ziwa, ikapanda milima, ikapumzika Kabambare kabla ya kushuka Kasongo. Kitambaa, shanga, bunduki, chumvi, na huzuni ya watu waliofungwa minyororo, vyote vilipita hapa. Kasongo ilianguka mikononi mwa jeshi la Dhanis mwezi wa Aprili 1893, Kabambare Januari 1894. Chini ya miaka ishirini baadaye treni ikawa inapiga filimbi ng'ambo ya mto, na njia kuu ya watu na mali ikawa huko. Sisi tulikosa vumbi la reli kwa sababu tulikosa reli. Lile vumbi la chuma lililowasumbua wauzaji wa magari wa Marekani, kwetu halikufika kwa njia ile. Lilikuja kufika kwa njia nyingine, nitaieleza chini.

Turudi Japani. Huko watu wanaishi wamebanana na reli, magari yanalala nje karibu na njia za treni na viwanda, na Wajapani wana jina lao la uchafu huu: *tetsupun*, unga wa chuma. Mwishoni mwa miaka ya 1980, mafundi wa karoseri huko walianza kutumia kitu laini cha kukandwa kwa mikono. Shida yao ya kila siku ilikuwa moja ambayo kila fundi wa Kasongo anaijua: unapuliza pentiri kwenye mlango wa gari moja, upepo unachukua ukungu wa rangi, unaupeleka kwenye gari la jirani. Gari la jirani likikauka linakuwa na ngozi ya kukwaruza, vidoti elfu na elfu vya rangi isiyo yake. Kile kitu cha kukandwa kilivitoa vidoti vile bila kugusa verni ya chini. Kisha wakagundua kinatoa pia unga wa chuma. Mpaka leo kwa Kijapani kinaitwa *nendo*, yaani udongo wa mfinyanzi, na ukienda dukani unaomba udongo wa kutoa unga wa chuma.

Mtu aliyekiandikisha kama uvumbuzi anaitwa Tadao Kadate, na kampuni inayohusika naye inaitwa Joybond. Hilo jina la Kadate halisikiki popote, hata kwa watu wanaotumia kitu chake kila siku. Marekani kiliingia mwanzoni mwa miaka ya 1990, kikauzwa na Auto Wax Company ya Dallas, Texas, kwa jina la Clay Magic. Hataza za Kadate huko Marekani, ile breve inayosema wazo hili ni la fulani, zilitoka mwaka 1995 na 1998. Auto Wax walizipigania mahakamani dhidi ya wengine waliokuwa wakitengeneza kitu cha namna hiyo. Hataza haiishi milele, kwa kawaida ni miaka 20 tangu siku ya kuomba, basi muda wake ukaisha na leo kila kiwanda, Uchina na kwingineko, kinaweza kukitengeneza. Njo maana bei imeshuka na video zimekuwa nyingi.

Sasa sikilizeni vizuri, hapa ndipo pana siri yote. Ile hataza ya 1995 haimo na jina la udongo kwenye kichwa chake. Kadate alikiita, kwa maneno yetu, jiwe la kunolea la plastiki lenye kunyumbulika. Kinoo, basi! Kinoo laini. Ndani yake hamna udongo wa ardhini kama ule wa mfinyanzi. Kuna plastiki yenye kunata na kuvutika, na ndani ya plastiki hiyo umetawanywa unga mgumu uliosagwa mpaka jicho halioni punje zake, punje zote zikiwa na ukubwa uliochaguliwa. Plastiki inazishika punje zisizame kwenye verni. Unapokipitisha juu ya rangi yenye maji ya sabuni, kinateleza juu ya sehemu laini kama hakuna kitu. Kikikutana na chembe iliyochomoza, kama kichwa cha msumari kwenye ubao, hapo ndipo kinafanya kazi: kinaikata au kuing'oa, na ule unato wa plastiki unaimeza chembe ibaki ndani. Ukikigeuza unaiona.

Udongo wetu wa mtoni unafanya kinyume kabisa. Ndani yake kuna punje za mchanga za kila ukubwa, na mchanga ni kwartsi, madini magumu kuliko kioo, acha verni. Punje moja tu ikikwama kati ya kiganja na kapo inachora mstari. Mfinyanzi mwenyewe anajua: kabla ya kufinyanga anauchambua udongo, anatoa changarawe na mizizi, na bado unabaki na mchanga wa kutosha kushika chungu kisipasuke motoni. Mchanga ule unaoukoa chungu ndio unaoua rangi ya gari.

Kwa hiyo jina lilitudanganya. Wajapani walilitoa kwa kuangalia umbo, Wamarekani wakalifuata, na simu ikatuletea sisi. Wafaransa walikuwa na akili zaidi kwenye hili: madukani kwao wanakiita mara nyingi *gomme*, kama ile gome ya shule ya kufutia penseli. Hilo ni jina zuri kuliko udongo, kwa sababu linakuambia namna ya kushika: unafuta, husugui. Tatizo ni kwamba kwa Kiswahili gome ni la mti, na sitaki kesho nione mtu anasugua Hilux kwa gome la mwembe! Mimi ninapendekeza kinoo laini. Mkipata jina bora, andikeni chini.

Na si jina la kulazimisha. Lugha yetu ina historia ndefu na vitu vya kukwaruza. Fikirieni neno msasa. Leo maana yake ni ile karatasi yenye mchanga, garajini tunaiita papie-vere. Lakini msasa kwanza ni mti, jamaa ya mtini, wenye majani makavu ya kukwaruza kama ulimi wa ng'ombe. Kabla ya karatasi yoyote kufika, mafundi wa mbao katika Afrika ya Mashariki na Kati walilainisha mbao kwa majani yale. Jirani zetu Walega, upande wa Pangi na Shabunda, walikuwa wanazisugua na kuzipaka mafuta sanamu za pembe za Bwami mpaka zikapata ule mng'ao wa njano mwekundu unaozifanya zionekane ziko hai. Yule mzee alijua tofauti ya kukwaruza, kulainisha na kupaka mafuta, na kila hatua ilikuwa na kitu chake. Fundi wa video naye ana hatua hizo hizo tatu.

Hata maneno ya garaji yetu ukiyachunguza ni tabaka juu ya tabaka, kama rangi ya zamani. Sabuni, rangi, msumari: hayo yalipanda na misafara kutoka pwani. Karoseri, kapo, pentiri, mastiki, verni: hayo ni ya Mbelgiji. Gari lenyewe siku hizi ni la Mjapani, lakini maneno yake bado hayajaingia.

Na hapo narudi kwenye ahadi yangu: vumbi la chuma lilifikaje Kabambare bila reli?

Lilikuja limepanda gari. Magari mengi ya mashariki ya Congo ni ya mitumba kutoka Japani, utayajua kwa usukani wa kulia wakati sisi tunaendesha kulia. Gari limeishi Japani miaka kumi au zaidi, limelala usiku karibu na reli na viwanda, limekula *tetsupun* kila siku. Linashushwa Dar es Salaam, mengine yanafika Kigoma na kuvuka ziwa, mengine yanazunguka kwa barabara. Yale yanayotua Kalemie au Uvira na kupanda kuja kwetu yanafuata, kwa sehemu, ile ile njia ya misafara ya Ujiji. Yanafika Kabambare na vumbi la Yokohama likiwa bado ndani ya verni. Yameoshwa mara mia njiani na halijatoka. Ukitaka kujua, osha gari vizuri, likiwa bado limelowa weka mkono ndani ya mfuko mwembamba wa plastiki, ule wa kufungia karanga, kisha pitisha vidole juu ya kapo na juu ya paa. Mkono mtupu ungekuambia rangi ni laini. Mfuko utakuambia ukweli, utasikia kama umepitisha mkono juu ya chumvi.

Huo ni uchafu wa kwanza ambao kinoo laini kinautoa kwetu. Wa pili tunautengeneza wenyewe. Angalieni garaji zetu: anayechomelea mageti amekaa hatua tano kutoka kwa anayeosha magari. Anapokata chuma kwa mashine, zile cheche nzuri zinazoruka ni chembe za chuma zenye moto, ni vumbi la reli safi kabisa, bila reli. Zinatua juu ya gari la mteja, zinajichomeka, na baada ya mvua mbili zinaota kutu. Na anayepuliza pentiri naye yuko nje, chini ya anga, upepo ukielekea anakotaka Mungu. Yaani tatizo lile lile lililowafanya mafundi wa Japani watafute kitu hiki, tunalo hapa, labda kuliko wao, kwa sababu wao wana vyumba vya kupulizia na sisi tuna kivuli cha mwembe. Mwembe wenyewe nao unadondosha utomvu, ndio uchafu wa tatu.

Lakini vumbi jekundu la barabara, lile linalotufanya sote tufanane tukifika Kasongo, hilo si kazi ya kinoo laini. Hapa watu wanakosea sana, kwa sababu nalo lina chuma. Wekundu wa ardhi yetu ni kutu, ni chuma kilichokwisha kushika kutu maelfu ya miaka kabla ya babu zetu. Njo maana haling'ang'anii rangi kama cheche: halikuja na moto, wala halina kutu mpya ya kuvimba. Limekaa juu tu, na maji mengi yanalitoa. Hatari yake ni nyingine. Limechanganyika na ile kwartsi niliyoitaja, na mtu anayelifuta kwa kitambaa kikavu anaipiga rangi msasa bila kujua. Magari mengi ya kwetu yenye rangi iliyofifia hayakuharibiwa na jua peke yake. Yamefutwa kila asubuhi kwa shifoni kavu na shofere mwenye bidii.

Basi mpangilio wa kazi unajieleza wenyewe ukishaijua historia. Maji kwanza, mengi, ya kumwaga, ili vumbi jekundu lishuke lenyewe kabla mkono haujagusa gari. Kisha sabuni na kitambaa laini, kuanzia juu kwenda chini, maana mchanga mwingi uko chini. Suuza. Jaribu kwa mfuko wa plastiki. Kama ni laini, acha, huna sababu ya kuendelea, na mteja asikusukume. Kama inakwaruza, chukua kipande kidogo cha kinoo laini, kikande kiganjani kiwe bapa, lowesha rangi kwa maji ya sabuni mpaka iteleze, na kipitishe kwa mistari iliyonyooka bila kukandamiza. Mwanzoni utasikia sauti ya kukwaruza na mkono utakwama kwama. Baada ya kupita mara chache sauti inapotea. Sauti ikipotea, sehemu hiyo imeisha. Kunja kipande upate uso safi, songa mbele. Fanya kivulini, maana jua letu linakausha maji ya sabuni haraka, na kinoo juu ya rangi kavu kinanata na kuacha alama.

Kuna pia dawa za maji za siku hizi zinazofanya kazi ya asidi ya zamani bila ukali ule. Unapuliza, unasubiri, na kila penye chembe ya chuma panageuka zambarau. Inapendeza sana kwenye video. Dada zetu wa saluni watatambua harufu, kwa sababu kiungo chake kikubwa ni ndugu wa ile dawa ya kukunja nywele. Kwa karoseri iliyojaa vidoti vya chuma dawa hiyo ni bora itangulie, kinoo kifuate. Lakini haitoi utomvu wala ukungu wa pentiri, na kwetu hivyo viwili ni vingi.

Tena, ukimaliza kufuta usimrudishie mteja gari hivyo hivyo. Rangi uliyoisafisha namna hiyo iko uchi, hata nta iliyokuwa juu yake umeiondoa. Paka nta, nyembamba, futa. Pikipiki ni hivyo hivyo, tangi na madigadi, na kwa vile tangi ni dogo ndiyo mahali pazuri pa kujifunzia kabla ya kugusa gari la mtu.

Kipande kimoja kinahudumia magari kadhaa ukikitunza ndani ya mfuko wenye unyevu. Kikijaa weusi kila upande ukikunja, kimekwisha. Na kikianguka chini kwenye changarawe yetu, hata mara moja, hata kama umekinunua jana, kitupe. Usikisuuze ukasema kimetoka safi. Punje zimeshaingia ndani, na tangu hapo kweli kimekuwa udongo.